Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo, Jiji, Polisi na TCRA kanda: kamera za laptopu za vijana wetu msiwaachie peke yao

Wakuu wangu, shikamooni.

Mimi ni fundi wa laptopu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nawaandikia wakuu wa vyuo vya Mbeya na Iringa, Mkurugenzi wa Jiji, maafisa elimu wa halmashauri zetu huku Nyanda za Juu Kusini, Jeshi la Polisi na ndugu zetu wa TCRA kanda, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Najua mezani kwenu kuna barabara, maji, ada, mitihani na kila aina ya mafaili, ila hili naomba mlisome mpaka mwisho kwa sababu anayeumizwa nalo mara nyingi hasemi, na asiposema nyie mtalijulia wapi.

Ninachoomba ni kimoja tu. Ulinzi wa kamera na vifaa vya watu, yaani laptopu, simu, vishikwambi, usiachwe kuwa shauri yake mwanafunzi mmoja aliyepanga geto kule Iyunga. Kila siku anaambiwa awe makini na mitandao, sawa, lakini Windows iliyomo kwenye laptopu aliyouziwa hakuiweka yeye, kompyuta za maabara ya chuo hakuzifunga yeye, na siku akidukuliwa hajui abishe hodi wapi. Hayo yote yako ndani ya uwezo wenu kuyarekebisha, sio ndani ya uwezo wake.

Ngoja nieleze inavyokuwa, maana nikisikia watu wanaongelea udukuzi naona wanawaza mambo ya mbali, Urusi huko, mabenki, majasusi. Kwenye meza yangu ya kazi haiko hivyo kabisa. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likitoka mwanafunzi anashuka mjini ananunua laptopu ya mtumba, EliteBook au ThinkPad au Latitude, mashine nzuri tu zilizofanya kazi maofisini Ulaya na Marekani halafu zikaja kwetu kupitia Dubai na Kariakoo. Muuzaji au fundi wake ameshaifuta na kupiga Windows kutoka kwenye flashi yake. Windows ile haina leseni, kwa hiyo ili iaktivetiwe anatumia kile kiprogramu cha kukraki, na sharti la kwanza la kiprogramu hicho ni uzime antivairasi, usipozima kinagoma. Sasa fikirieni hapo. Mwenye nyumba mwenyewe amemwambia mlinzi aende akalale, halafu ndo mgeni asiyejulikana anaingizwa ndani. Aliyetengeneza kikraki kile akitaka kuweka ndani yake programu nyingine ya kuendesha kompyuta kwa mbali, anaweka tu, hakuna kitu cha kumkamata.

Programu za namna hiyo zinajificha, zinaamka kila ukiwasha mashine, zikipata intaneti zinaripoti kwa mwenyewe. Kuanzia hapo mtu ambaye hujawahi kumuona anaona kioo chako, anasoma kila unachoandika mpaka pasiwedi, anafungua mafaili yako, na anawasha kamera na maiki muda anaotaka yeye. Mwenye laptopu anachoona ni bando linaisha bila maelezo, feni inalia wakati hajafungua kitu, na wakati mwingine ile taa ndogo pembeni ya kamera inawaka sekunde mbili tatu inazima. Wateja wanakuja kabisa wanasema fundi, taa ya kamera inajiwasha yenyewe, na wengi wameshapita kwa fundi mwingine wakajibiwa kuwa ni kawaida ya mashine za mtumba. Sio kawaida. Kamera haina sababu ya kujiwasha.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nyingi ya hizo laptopu hazikuhitaji kukrakiwa hata kidogo. Watengenezaji wakubwa kwa miaka mingi sasa wanaandika funguo ya Windows ndani ya mashine yenyewe, kwenye chipu ya ubao mkuu. Mashine iliyotoka kiwandani na Windows 10 Pro ukiipiga Windows 10 Pro safi iliyodaunlodiwa kutoka kwa Microsoft wenyewe, ukaunganisha intaneti, inajiaktiveti bila kukuuliza chochote, bure na halali. Kinachokosekana ni bando la GB tano sita na mtu wa kumwambia mnunuzi kuwa ana haki ya kudai hivyo. Zipo nyingine zinakuja bado zimeandikishwa kwenye mfumo wa kampuni iliyokuwa inazimiliki, ukimaliza kupiga Windows na kuweka intaneti inakutaka uingize barua pepe ya kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Mafundi wengine wanalikwepa hilo swali kijanja wanauza. Mimi nasema mashine ya namna hiyo bado ina bwana mwingine, na mwanafunzi hatakiwi kuuziwa.

Kuna binti alikuja dukani kwangu, sitataja chuo wala mwaka anaosoma. Alikaa kwenye benchi akasubiri mpaka wateja wote wakaondoka ndo akanipa simu yake nione. Mtu asiyemjua alikuwa amemtumia picha yake mwenyewe akiwa chumbani anavaa, na ukiangalia pembe iliyopigwa unaona kabisa ni kutoka kwenye laptopu iliyokuwa kitandani, blanketi lake linaonekana chini ya picha. Ujumbe ulikuwa unadai hela, la sivyo picha inapelekwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya darasa lao. Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameshaenda kwenye ofisi moja ambayo kazi yake ni kupokea watu kama yeye, na swali la kwanza aliloulizwa, mbele ya watu wengine waliokuwa wamekaa pale wakisubiri shida zao, ni "sasa wewe ulikuwa unafanya nini mbele ya kamera?"

Wakuu wangu, alikuwa anavaa nguo chumbani kwake. Chumba anachokaa ni kimoja, kuna kitanda, kuna jiko la gesi, meza hana, laptopu inakaa kitandani kwa sababu hakuna pengine pa kuiweka. Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, mtu anamalizia asainmenti akiwa ndani ya blanketi na laptopu mapajani, analala nayo pembeni ikiwa inacheza muvi. Kamera iko chumba cha kulala saa 24, na sababu yake ni umaskini wa nafasi, tabia yake haihusiki hapo. Aliyekosea ni yule aliyeiwasha.

Nilichomsaidia ni kuzima intaneti ya ile mashine hapo hapo, nikamwambia asilipe wala asiendelee kujibizana, ila asifute chochote, apige skrinishoti ya kila ujumbe pamoja na namba na tarehe, na laptopu isipigwe Windows upya kwanza kwa sababu ukiipiga umefuta ushahidi wote. Nikamshauri arudi akaripoti. Akaniambia mambo ambayo naomba myasikie vizuri, kwa sababu sio yeye tu aliyenambia. Anaogopa aibu, hiyo ya kwanza. Anaogopa kwamba picha ikionekana na wakubwa yeye ndo atakuwa mtuhumiwa, ya kwamba ana picha chafu kwenye vifaa vyake. Na anaogopa laptopu kuchukuliwa kama kielelezo, maana yuko kwenye projekti ya mwisho, akiiacha kituoni hajui itarudi mwezi upi na hana hela ya kununua nyingine. Mpaka leo hajarudi kwenye ofisi yoyote. Yule mtu yuko huko nje na inawezekana ana picha za wengine.

Isije ikaonekana ni uzembe wa wasichana wa huku. Marekani mwaka 2013 binti anaitwa Cassidy Wolf, aliyekuwa Miss Teen USA, alifanyiwa hivyo hivyo. Aliyekuwa anamchungulia kupitia kamera ya kompyuta yake chumbani alikuwa kijana wa miaka 19 waliyesoma shule moja, akamtishia kusambaza picha. Yule binti akaripoti, akasikilizwa, FBI, wapelelezi wa serikali ya kule, wakamfuatilia kijana mpaka akapatikana, na mwaka 2014 mahakama ikampa kifungo cha miezi 18. Mwezi Mei mwaka huo huo wakatangaza operesheni ya nchi 19 dhidi ya programu moja ya udukuzi iliyoitwa Blackshades, walikamatwa watu zaidi ya 90. Hiyo programu ilikuwa inauzwa kuanzia dola 40, kama laki moja ya kwetu hivi, na ilikuwa imeingia kwenye kompyuta zaidi ya laki tano duniani. Laki moja! Kwa hiyo anayefanya haya sio lazima awe mtaalamu wa ajabu. Anaweza kuwa mtu wa darasani, mpenzi wa zamani, jirani wa hosteli anayejua kutumia waifai ya wenzake.

Kisa kingine nataka wakuu wa vyuo na maafisa elimu mkisome mara mbili kwa sababu kinawahusu nyie hasa. Marekani tena, jimbo la Pennsylvania, wilaya ya shule ya Lower Merion iliwapa wanafunzi laptopu za kwenda nazo nyumbani, nia njema kabisa. Ndani yake waliweka programu ya kufuatilia laptopu ikiibiwa, ikiwashwa inapiga picha kwa kamera kila baada ya muda mfupi na kuzituma shule. Wazazi na wanafunzi hawakuambiwa waziwazi. Mwanafunzi mmoja akaitwa ofisini akaonyeshwa picha yake iliyopigwa akiwa chumbani kwao, mwaka 2010 familia ikafungua kesi, uchunguzi ukakuta picha za kamera na za kioo zaidi ya 50,000, nyingine watoto wamelala. Wilaya ikamaliza kwa kulipa dola 610,000. Hakukuwa na mdukuzi pale. Ilikuwa ni shule yenyewe na watu wa ICT wa shule, na hakuna aliyekaa chini kujiuliza nani ana ruhusa ya kuwasha ile kamera na nani anamsimamia.

Nalisema hili kwa sababu na sisi tunagawa vifaa. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilikuja vikagawiwa walimu, jambo zuri sana, mwalimu wa kijijini kule Makete au Ileje naye akapata kifaa cha kufundishia. Lakini kishikwambi kinaenda nyumbani, mtoto wa mwalimu anakichezea, kinakaa sebuleni na chumbani, anadaunlodi gemu la ajabu, anabonyeza kukubali kila kitu kinachoulizwa, kamera, maiki, majina yote ya kwenye simu. Maafisa elimu, hivi walimu wenu wamewahi kupewa hata karatasi moja inayosema kwenye kifaa hiki kuna programu gani ya usimamizi, nani anaweza kuiona, na kikiacha kupokea apdeti za usalama kifanyweje? Karatasi moja tu, kwa Kiswahili, isainiwe na mtu mwenye jina na namba ya simu.

Sasa kuhusu kuziba kamera. Kuna watu wakiona mtu kabandika kitu kwenye kamera wanamcheka kuwa ana wasiwasi wa kijinga. Mwaka 2016 Mark Zuckerberg alipiga picha ofisini kwake na nyuma yake ikaonekana laptopu imezibwa kamera na maiki kwa tepu. Mwaka huo huo James Comey, aliyekuwa mkurugenzi wa FBI, alisema hadharani kuwa na yeye anaziba ya kwake. Kama hao wenye walinzi wanaziba, sembuse binti wa geto.

Tepu nyeusi ya mafundi umeme haifiki buku na rola moja inaziba laptopu za hosteli nzima. Kata kipande kidogo, weka kikaratasi katikati ili gundi isiguse kioo cha kamera, bandika, ukitaka kupiga simu ya video unakunja pembeni. Wale wenye MacBook wasibandike vile vifuniko vya plastiki vinene, Apple wenyewe walionya mwaka 2020 kuwa ukifunika laptopu nacho kinaweza kupasua kioo. Na msiitegemee ile taa, watafiti wa chuo cha Johns Hopkins walionyesha mwaka 2013 kuwa kwenye baadhi ya MacBook za zamani kamera inaweza kuwashwa bila taa kuwaka. Tepu haina cha kudukuliwa.

Ila tepu haizuii sauti, na haizuii mtu kusoma pasiwedi zako. Ndo maana nasema hili sio jambo la kugawa stika siku moja mkapiga picha na waandishi wa habari mkaondoka. Ugonjwa wenyewe uko kwenye Windows za kukraki na mashine zisizoapdetiwa, na hapo kuna jambo ambalo nadhani wakubwa hamlioni kwa sababu ofisini kwenu intaneti iko muda wote. Mwanafunzi hapuuzi apdeti kwa ujeuri. Apdeti moja kubwa ya Windows inakula bando lake la wiki nzima. Anaunganisha hotspoti ya simu asome noti, Windows inaanza kushusha mambo yake, bando limekata, hasira, anakuja kwangu ananiambia fundi nizimie hizi apdeti kabisa. Na mafundi wengi wanazima, ndo huduma inayoombwa. Mwezi Machi 2017 Microsoft walitoa apdeti ya kuziba tundu fulani, mwezi Mei kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilo hilo kikasambaa nchi 150, hospitali kadhaa za Uingereza zikakwama, na kilichokuwa kinatakiwa kilishatolewa miezi miwili nyuma yake.

Wakuu wa vyuo, hapa mnaweza kufanya kitu kikubwa kwa gharama ndogo. Mna mkongo wa intaneti chuoni. Tengeni usiku, kuanzia saa nne hivi mpaka alfajiri, waifai ya chuo iwe wazi kwa apdeti za vifaa vya wanafunzi na isihesabiwe kwenye kiwango chao. Watu wenu wa ICT wanajua kuwa seva moja inaweza kushusha apdeti mara moja na kuzigawa ndani kwa ndani, na hata Windows yenyewe ina mpangilio wa kompyuta za mtandao mmoja kugawiana apdeti zikishashushwa na mojawapo. Wekeni pia kwenye seva hiyo Windows safi kutoka Microsoft na Linux kama Mint, ule mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, mwanafunzi aje na flashi achukue bure. Hapo mtakuwa mmeua biashara ya kukraki kuliko semina kumi.

Linux naitaja makusudi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifikisha mwisho wa kuihudumia Windows 10, kuna nyongeza ya mwaka mmoja mpaka Oktoba 2026 kwa mtu binafsi anayejiandikisha, basi. Windows 11 kwa utaratibu wa kawaida haipandi kwenye mashine za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, na laptopu nyingi mikononi mwa wanafunzi wetu ni kizazi cha tano, cha sita. Maana yake tuna mashine nyingi sana mjini hapa ambazo zitaendelea kuwaka na kufanya kazi vizuri huku matundu yake hayazibwi tena. Na kwenye maabara zenu zimo. Hizo ndo za kuwekewa Linux.

Hizo maabara nazo jamani. Kompyuta moja inatumika na watu wengi kwa siku, flashi zinaingia na kutoka, kila mtu katoka stesheneri kuprinti na flashi hiyo hiyo. Mnavijua vile virusi vya shotikati, unafungua flashi unakuta mafolda yako yote yamegeuka shotikati, ukibonyeza ili upate noti zako ndo umekipa kirusi ruhusa. Kwenye mashine za maabara zenye kamera, kamera izimwe kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ThinkPad unaingia kwa F1, HP F10, Dell F2, unazima kamera, unaweka pasiwedi ya BIOS, kirusi hata kikiingia hakioni kamera. Kazi ya dakika tano kwa mashine moja. Na mkinunua mpya kwenye tenda andikeni kabisa kwamba mnataka zenye kifuniko cha kamera cha kusogeza, ThinkPad na EliteBook za miaka ya karibuni zinazo nyingi tu.

Mkurugenzi wa Jiji, kwako nina jambo la sisi mafundi, na nalisema nikiwa ndani ya kazi hii. Mteja akileta simu kioo kimepasuka, fundi anaomba patani au pasiwedi, anapewa, simu inalala dukani. Wapo mafundi waaminifu, ni wengi, na wapo wanaofungua galari ya mteja wakati kilicholetwa ni kioo. Wapo wanaoacha programu ya kuingia kwa mbali kwenye laptopu ya mteja kwa kisingizio cha kumsaidia baadaye. Wapo wanaume wanaokuja wakitaka simu ya mke au mchumba iwekewe kitu cha kumfuatilia, na wapo wanaokubali hiyo kazi kwa hela. Unapotoa leseni ya biashara ya ufundi wa simu na kompyuta, toa na masharti ya ukurasa mmoja yabandikwe ukutani mteja ayaone: fundi haombi pasiwedi kama kazi haihitaji, hafungui mafaili ya mteja, haweki programu ambayo mwenye kifaa hakuomba, Windows anayoweka aseme imetoka wapi. Akikiuka leseni isimame. Sisi tunaofanya kazi vizuri tutashukuru.

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema kuingia kwenye kompyuta ya mtu kinyume cha sheria ni kosa, faini isiyopungua milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja au vyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024, mtu anaweza kulalamika huko na taasisi inayokusanya taarifa za watu inawajibika kuzilinda, chuo kikiwemo. TCRA wana namba 15040 ya kutuma meseji za matapeli, wana *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na serikali ikiamua kusimama inasimama, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na kibali baada ya watu kudhalilishwa mpaka kwa ndugu zao waliopo kwenye simu. Kwa hiyo nguvu ipo. Kinachokosekana huku kwetu ni mtu wa kumpokea binti siku anayokuja akitetemeka.

Kamanda, Dawati la Jinsia na Watoto ni jambo kubwa na limesaidia wengi. Naomba kwenye dawati hilo awepo japo askari mmoja, ikiwezekana wa kike, aliyefundishwa kesi za picha na vifaa, mwenye chumba cha kufungwa mlango. Swali la kwanza liwe ni lini na namba ipi, yale maswali ya alikuwa anafanya nini yafutwe kabisa. Aambiwe kwa mdomo, kabla hajatoa simu yake, kuwa yeye ni mlalamikaji na hatashtakiwa kwa picha aliyoibiwa. Na laptopu isikae kituoni miezi, inakiliwe diski nzima kitaalamu, apewe karatasi, arudishiwe kifaa chake akamalize projekti. Hilo moja tu la kurudisha kifaa naamini litawaleta wengi ambao sasa hivi wanalia hosteli.

TCRA kanda, nyie mna wataalamu na ofisi ipo hapa hapa Mbeya. Shukeni vyuoni wiki ya kwanza ya muhula wakati mwaka wa kwanza wanaripoti, sio mwezi wa tatu wakati laptopu zimeshanunuliwa na kukrakiwa. Nendeni na Uyole, nendeni Tunduma, nendeni Iringa pale Mkwawa. Msiongee sana habari za sheria, wawashieni mashine waone kikraki kinavyozimisha antivairasi, wafungulieni mipangilio ya faragha waone ni programu gani iliyotumia kamera jana. Kijana akiona kwa macho yake anamfundisha na mwenzake wa chumba.

Wakuu wa vyuo, mwezi wa kumi hauko mbali na bumu likitoka watoto wanamiminika mjini kununua mashine. Kabla ya hapo naomba kila chuo kiandike kwenye ubao wa matangazo jina la mtu mmoja na namba yake, anayepokea malalamiko ya vifaa kudukuliwa kwa siri, na kila hosteli ipewe rola moja ya tepu nyeusi. Jumamosi mchana huwa nafunga duka mapema, chuo chochote cha Mbeya kikinipa chumba chenye umeme na projekta nakuja na flashi zenye Windows safi, tunakagua laptopu moja baada ya nyingine mpaka giza liingie, posho sihitaji.

Ndaga fijo, asanteni sana wakuu wangu.

Fundi wa laptopu, Mwanjelwa, Mbeya